Nyumba na Afya: Moyo ni Askari Asiyekwenda Likizo



Mkono ukichoka hupumzishwa, na miguu iliyosimama paredi tangu alfajiri hunyooshwa jioni juu ya mkeka. Moyo hauna mwenzake wa kuupokea zamu. Kiungo hiki, ambacho ukubwa wake hauzidi sana ngumi ya mwenyewe, hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani kiasi cha mara 100,000 usiku na mchana. Mtu akiwa ameketi kimya, moyo wake husukuma karibu lita 5 za damu kila dakika, kazi ambayo ingeweza kujaza jerikani la lita 20 kwa dakika nne. Akikimbia au akipanda mlima, kazi hiyo huongezeka mara kadhaa. Askari wa namna hii asiyeomba likizo wala kulalamika yafaa atunzwe na nyumba nzima, kwani siku atakapoangusha silaha, nyumba nzima itaanguka naye.

Katika Uganda wazee wetu walikuwa wakidhani kwamba magonjwa ya mishipa ya moyo ni ya Wazungu na matajiri. Dhana hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones, waliokuwa wakifanya kazi Kampala, walichapisha katika jarida la The Lancet habari za mafuta yaliyomo katika damu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Walieleza kwamba ugonjwa wa kuzibika kwa mishipa ya moyo ulikuwa nadra mno kwa Waafrika, hali kwa Waasia wa mjini ulikuwa jambo la kawaida. Watu wale wale wa nchi moja, chini ya jua moja, walitofautiana kwa chakula na kwa namna ya maisha. Mwafrika wa siku zile alikula matoke, viazi, maharagwe na mboga za majani, nyama aliipata siku mojamoja, na alikwenda kwa miguu popote alipotaka kufika.

Leo mambo yamegeuka. Katika uchunguzi wa nchi nzima uliofanywa mwaka 2014, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alikutwa na shinikizo la damu lililopanda, ambalo wengi wetu huliita presha. La kuhuzunisha zaidi ni kwamba kati ya hao wenye presha, hata mmoja katika kumi hakutimia aliyejua kwamba anayo. Kwa hiyo mtu asiseme ya kwamba ugonjwa huu hauhusu ukoo wake. Damu yetu ni ile ile ya wazee wetu. Kilichobadilika ni chungu, kiti na usafiri. Vitu hivyo vitatu vimo mikononi mwetu, na ndivyo tutakavyovizungumza leo.

Tuanze na chumvi

Chumvi ni mwenzi wa chakula, lakini ikizidi huyavuta maji mwilini, damu huongezeka katika mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai kilichosawazishwa. Hapo ndani imo chumvi ya mchuzi, ya mkate, ya samaki mkavu, na ya ule unga wa kukolezea mchuzi unaouzwa madukani katika pakiti ndogo.

Mama wa nyumba atajuaje kiasi kinachotumika kwake? Ipo njia nyepesi isiyohitaji mizani. Siku unayofungua pakiti ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Watu wazima sita, kila mmoja akila gramu 5, watatumia gramu 30 kwa siku, na pakiti hiyo itakwisha kwa siku 16 au 17. Basi nyumba ya baba, mama na watoto wanne, kwa kuwa watoto wahitaji kidogo zaidi, na kwa kuwa chumvi nyingine huingia kwa njia ya vyakula vya dukani, pakiti hiyo yapasa idumu zaidi ya muda huo. Ikiwa kwako yakwisha kila juma, umekwisha kujua adui alipojificha.

Usiipunguze kwa ghafula hata watu wakasusa chakula. Punguza robo ya kiasi chako juma hili, na robo nyingine baadaye. Ulimi ni mwanafunzi mwepesi. Baada ya majuma machache utaona mchuzi wa zamani ulikuwa wa chumvi mno. Vitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na maji ya ndimu vitasaidia kuleta ladha. Ondoeni kibakuli cha chumvi mezani, maana wako watu wanaonyunyiza kabla hawajaonja. Magadi nayo, ambayo baadhi yetu huyatia ili maharagwe na mboga vilainike upesi, yana asili moja na chumvi. Kuloweka maharagwe tangu usiku hufanya kazi hiyo hiyo bila madhara, na hupunguza makaa. Lakini chumvi hiyo kidogo mnayotumia iwe yenye madini ya joto, kwani watoto wayahitaji kwa akili na kwa kukingwa na uvimbe wa shingo.

Neno kwa wapishi wa mesi: ninyi mwashika mioyo ya kombania nzima mikononi mwenu. Konzi moja ya chumvi iliyozidi katika sufuria kubwa yawafikia watu mia kwa mlo mmoja.

Mafuta, sukari na unga

Mafuta yasimiminwe kutoka chupani kwa kukisia, bali yapimwe kwa kijiko. Mafuta ya maji yatokanayo na alizeti, ufuta au soya ni afadhali kuliko yale yanayoganda kama jiwe asubuhi yenye baridi, kwa kuwa hayo yanayoganda ndiyo yanayozidisha kolesteroli, yaani utando wa mafuta unaoshika kuta za mishipa na kuiziba kidogo kidogo. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi, yakawa meusi na yenye harufu, yamwagwe. Si lazima kila kitu kikaangwe: samaki wa kuchemshwa au kuokwa, matoke yaliyopikwa kwa mvuke wa majani ya mgomba, na mchuzi wa karanga zilizosagwa ni vyakula vya heshima tulivyorithi.

Maharagwe, ambayo askari wengi huyachoka tangu mafunzo ya ukuruta, ni rafiki mkubwa wa moyo. Yana protini, yana nyuzinyuzi zinazosaidia kushusha kolesteroli, na bei yake ni ndogo kuliko ya nyama. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20 hata mwaka 1966, alirudi Uingereza na kuwahubiria watu wake kwamba wale vyakula vyenye nyuzinyuzi kama alivyowaona watu wa Afrika wakila. Itakuwa ajabu ikiwa Wazungu watajifunza chakula chetu, na sisi tukakitupa kwa kuona haya.

Unga wa posho usiokobolewa kabisa una manufaa kuliko ule mweupe sana ambao pumba na kiini vimeondolewa. Kando ya posho lisikose fungu la mboga za majani, iwe dodo, nakati au sukuma wiki. Hata mbele ya nyumba za kambini pana nafasi ya gunia la udongo lenye miche kumi. Mukene, yaani wale dagaa wa ziwa, wana mafuta yanayoufaa moyo. Waliotiwa chumvi waloweke kwanza katika maji na kuyamwaga. Tunda la msimu, kama papai, embe au chungwa, lafaa kuliko biskuti.

Kuhusu sukari, chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari kama vijiko saba au vinane vya chai. Mtu hawezi kuitia sukari kiasi hicho katika kikombe chake mbele ya watu, lakini ikiwa ndani ya chupa huimaliza bila kufikiri. Soda na iwe ya sikukuu. Maji safi yaliyochemshwa ndiyo kinywaji cha kila siku.

Cheo kikipanda, miguu isikae

Kuna jambo linalowahusu askari hasa. Kuruta hukimbia kila alfajiri, na mwili wake huwa kama waya. Miaka hupita, hupewa cheo, hukabidhiwa meza, ghala, au usukani wa gari. Chakula chake hubaki kile kile cha mtu anayekimbia, lakini miguu imestaafu kabla ya mwenyewe. Mkanda huongezwa tundu, na watu humsifu kwamba amependeza.

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watumishi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Dereva aliketi kutwa nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Walikuwa watu wa kampuni moja, basi moja na barabara moja, lakini makondakta walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Tangu siku hizo chunguzi nyingi zimethibitisha ya kwamba mwili unaotembea huulinda moyo.

Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa haraka unaokuwezesha kusema lakini si kuimba. Mwenye kazi ya meza ashuke teksi kituo kimoja kabla ya kambi. Bibi anayeketi sokoni tangu asubuhi asidhani kwamba uchovu wa kukaa ni mazoezi. Na atembee na jirani yake jioni, jua likipoa. Watoto wacheze mpira badala ya kukodolea macho simu. Aliyekaa miaka mingi bila mazoezi asianze kwa kukimbia maili tano ili awashinde vijana, bali aanze kwa kutembea, na mwenye presha au maumivu ya kifua aonane na daktari kwanza.

Moshi na chupa

Tumbako huikaza mishipa na kuharibu kuta zake, wala hakuna idadi ya sigara isiyodhuru. Katika nyumba ya chumba kimoja, baba avutapo sigara wote huvuta, na mtoto mchanga hana mlango wa kutokea. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuvuta tumbako mahali pa umma. Twaomba kila baba aitunge sheria hiyo nyumbani kwake bila kungojea polisi, hata akiwa polisi mwenyewe. Moshi wa kuni na makaa nao hudhuru moyo na mapafu, hivyo jiko liwekwe nje au karibu na dirisha wazi, na kuni ziwe kavu.

Pombe hupandisha presha, huuchosha msuli wa moyo, na hula mshahara ambao ungalinunua mboga na dawa. Asiyekunywa asianze kwa kudanganywa kwamba ni dawa ya moyo. Anayekunywa apunguze, na waragi isiyojulikana ilikotoka asiiguse kabisa. Baada ya zamu ya usiku, jamaa wamwache mlinzi alale; usingizi wa saa saba si uvivu, ni matengenezo.

Koo la mtoto

Tumezoea kudhani kwamba ugonjwa wa moyo ni wa watu wazima. Uko mmoja unaoanzia katika koo la mtoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano, nao huenea upesi mahali watu wanapolala wamesongamana. Vijidudu huingia kooni, mtoto huona homa na uchungu wa kumeza, kisha hupata nafuu. Baada ya majuma mawili au matatu viungo huvimba na kuuma, leo goti, kesho kifundo. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, lakini vilango vya moyo hubaki na makovu, na kila homa irudipo makovu huzidi. Mara nyingi hujulikana siku za ukubwa, binti anapochukua mimba akaishiwa na pumzi.

Penisilini ndiyo ngao. Katika utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda na kutangazwa mwaka 2021, watoto zaidi ya 800 waliokutwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huo, ambazo huonekana kwa mashine tu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila majuma manne kwa miaka miwili. Katika kundi hilo watoto 3 tu ndio waliozidiwa. Katika kundi lisilochomwa walizidiwa 33. Kwa hiyo, mama, mtoto mwenye homa na koo linalouma sana usimpe asali peke yake; mpeleke zahanati achunguzwe, na akipewa dawa aimalize yote hata akiona nafuu siku ya pili.

Swali la msomaji

Bibi wa koplo mmoja atuuliza hivi: mumewe alipimwa, akaambiwa ana presha, akapewa vidonge. Baada ya miezi miwili akapimwa tena, presha ikawa imeshuka, naye akaviacha akisema amepona na kwamba askari halisi haishi kwa vidonge. Afanye nini?

Bibi, mumeo hajapona, amelindwa. Presha ilishuka kwa sababu ya vidonge, kama vile ghala lisivyoibwa kwa sababu mlinzi yupo. Ukimwondoa mlinzi kwa kuwa hujaona mwizi, mwizi atapita. Kwa watu wengi dawa hii ni ya maisha, nayo huweza kupunguzwa au kubadilishwa na daktari peke yake. Ikiwa vidonge vinamletea kizunguzungu, kikohozi au udhaifu anaouonea haya, amweleze daktari waziwazi, maana dawa ziko za aina nyingi.

Presha haina kelele. Mtu huweza kubeba shinikizo la 180 akacheka na kula, mpaka siku mshipa wa ubongo utakapopasuka. Kipimo kikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, katika siku mbalimbali, hiyo ni presha. Kabla ya kupima, mtu aketi dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza, asiwe ametoka kunywa kahawa wala kuvuta sigara. Kila mtu mzima na apimwe walau mara moja kwa mwaka.

Tunajua pia lile ambalo askari hawalisemi: wengine huficha ugonjwa wakichelea kuonekana dhaifu na kuachwa nyuma wenzao wanapopangiwa kazi. Zungumza naye faraghani, si mbele ya watoto wala jirani, wala si kwa kumkemea. Mwambie hivi: silaha husafishwa hata siku isiyopigwa. Vidonge viwekwe kando ya mswaki wake, na chumvi ipunguzwe kwa watu wote ili asijione mgonjwa mezani pa wazima. Hakuna aibu katika kumeza kidonge kila asubuhi. Huzuni ni ya mjane anayefungasha vyombo vyake kutoka nyumba ya kambi na watoto wanne, kwa ajili ya kitu ambacho kingaliweza kuzuiwa.

Dalili zisizongoja asubuhi

Maumivu au uzito katikati ya kifua kana kwamba mtu amekanyagwa, yakienda begani, mkononi au tayani, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, ni ishara ya moyo kukosa damu. Kwa wanawake huenda kifua kisiume sana, bali uchovu wa ghafula na kukosa pumzi vikatangulia. Uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea na ulimi kuwa mzito kwa ghafula ni ishara ya kiharusi. Katika hali hizi usingoje kuche, usimpe mgonjwa wa kiharusi chakula wala kinywaji, wala usianze kumtafuta mchawi. Tafuta gari umpeleke hospitali, kwani kila dakika ina thamani. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988, ipo Mulago, lakini aliye mbali akimbilie kwanza hospitali iliyo karibu.

Kazi ya juma hili

Hatuwaombi mfanye yote kwa siku moja. Juma hili fanyeni matatu tu: andikeni tarehe juu ya pakiti ya chumvi, tembeeni nusu saa kwa siku tano, baba, mama na watoto kwa pamoja, na kila mwenye umri wa miaka 18 na kuzidi apimwe presha katika zahanati ya kambi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa moyo ukibomoka hakuna fundi wa kuujenga upya kama ulivyokuwa.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuotesha mboga katika magunia mbele ya nyumba ndogo. Hadi hapo, twawatakia afya njema na amani nyumbani.